Nililipwa Nilale

Cheka kwanza umalize, nitangoja. Ndiyo, nimestaafu, na sina hata mvi moja. Kwetu Kayole mtu anastaafu vile kazi imemkataa, haingojei nywele zikubali. Niliandika blogu ya maji miaka saba. Siku hizi nauza mapipa na matangi kwa duka moja ya vifaa, na kila wiki lazima kijana mmoja aje ameshika simu aniulize, "Buda, ati ulikuwa unakula na blogu? Na watu mia mbili tu? Si unionyeshe hiyo njia."

Nimechoka kurudia. Nimeandika hapa mara moja. Soma, halafu ukija dukani uje kununua pipa.

Jambo lingine: nilisoma mpaka darasa la nane, na hata huko sikukaa mbele. Ukiona Kiswahili imeanguka mahali, iokote uendelee.

Mwanzo nilifanya vile nyinyi wote mnafanya. Niliandika mpira. Niliandika nani ameachana na nani, watu ambao hata hawajui Kayole iko upande gani. Nilikuwa na wasomaji tisa. Wanne kati yao walikuwa mimi, kwa simu za kuazima, nikiangalia kama wale watano wamekuja. Nikaweka yale matangazo ya ng'ambo yanayojileta yenyewe. Baada ya miezi minne nilikuwa nimepata nusu chapati, na hawakulipi mpaka ifike kiwango fulani, kwa hivyo hata hiyo nusu niliiona tu kwa kioo cha simu.

Blogu yangu iliokolewa na sabuni. Siku moja niko bafuni, nimejipaka povu kutoka kichwani mpaka kisigino, maji ikapotea. Ukiwa mgeni nikueleze: kwetu maji inakuja kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Na hata siku yako ikifika, inaweza kukuja alfajiri masaa matatu halafu iende, na kama ulilala, umelala. Basi nikatoka na taulo, macho inawasha, nikaandika kwa hasira: "Maji imepotea, mimi niko na povu. Kuna mtu ameiona ikipita wapi?"

Wale watano waliisambaza kwa majirani, na watu arobaini walijibu. Arobaini! Mmoja akasema, "Nyuma ya kanisa iko, lakini inatoka kama uzi." Mwingine akasema, "Piga picha ya hilo povu." Nikasimama hapo kwa ngazi nikiwa mweupe kama mandazi haijapikwa, nikaelewa kitu. Hawa watu hawakutaka mpira kutoka kwangu. Mpira wanayo tayari. Walikuwa wanataka kujua kama washuke na ndoo.

Kesho yake nikabadilisha jina la blogu ikawa Mtungi, na mimi mwenyewe watu wakaanza kuniita Mtungi. Mpaka leo mama yangu ndiye tu ananiita jina la ubatizo, na akiniita hivyo najua nimekosa.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Ouma, jirani yangu wa chini. Huyo alistaafu ile ya kweli: alitembea akisoma mita za maji miaka mingi mpaka miguu ikawa inajua njia bila yeye. Alikuwa anasoma blogu yangu na miwani imefungwa na uzi, halafu ananiita.

"Wewe Mtungi, hapa umesema maji iko kwa kinyozi. Uliiona?"

"Niliambiwa, mzee."

"Uliambiwa. Hata mimi niliambiwa nitakuwa tajiri. Enda ushike mfereji."

Ndiyo nikaanza kushika. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimetoka, mifereji saba, mtaa tatu. Mzee alinionyesha kuweka sikio kwa bomba pale linapotoka kwa ukuta. Kabla maji haijafika, hewa inatangulia, mfereji unakohoa. Kutoka kikohozi mpaka maji ni kama muda wa chai kuchemka. Maji ya kwanza ni ya kahawia, na lazima useme hivyo, kwa sababu kuna mtu ataiweka kwa birika macho yakiwa bado na usingizi. Halafu useme imefika ghorofa gani. "Maji iko" haimsaidii mtu wa ghorofa ya nne kama inaishia kwa miguu ya watu wa chini.

Blogu yangu ikawa inasomeka hivi: "Saa kumi na moja na nusu. Nyuma ya kanisa: iko, ya kahawia, ngoja kidogo. Kwa kinyozi: inakohoa. Geti ya bluu: bado, lala." Basi. Hakuna picha ya jua linachomoza, hakuna salamu. Mtu amesimama na ndoo, wewe unamwambia habari ya asubuhi njema?

Sasa pesa. Najua hapa ndipo mmekuja mbio.

Tangazo langu la kwanza nilienda kuomba kwa Wanjiku, yule dada wa gesi. Akaniuliza, "Una wasomaji wangapi?"

"Elfu tano," nikasema. Sijui hiyo elfu tano ilitoka wapi. Ilikuwa imekaa tu mdomoni.

Akalipa ya wiki moja. Akaagiza mitungi ya gesi mingi, akaipanga mpaka nje, akavaa aproni mpya. Wiki nzima wakakuja watu sita. Jumamosi akaniita.

"Mtungi, hao wengine elfu nne mia tisa na tisini na nne wamekwama wapi? Kwa jam ya Outer Ring?"

Nikamwambia ukweli. Watu mia mbili na kidogo. Akahesabu kitu kwa vidole, akasema, "Kwani hukusema? Mia mbili ya hapa karibu? Wanaopika kila siku? Mimi nilikuwa nauliza kama ni watu ya kutembea na miguu mpaka hapa." Akaendelea kulipa, kila wiki, karibu miaka miwili. Sikupandisha idadi tena. Mtu wa duka ndogo hana haja na elfu tano walio mbali. Akiuliza wangapi, mwambie wangapi, halafu umwambie wanakaa wapi na wanaishiwa na nini.

Baadaye akaja fundi wa matangi, akaja mama wa maziwa. Mstari mmoja chini ya habari ya maji, na niliandika wazi "hili ni tangazo." Sikuweka cha mtu sijawahi kununua kwake. Na wasomaji wenyewe walikuwa wananitumia pesa ya bando ya intaneti kwa simu, lakini nilijifunza siku ya kuomba. Usiombe siku ya ukame, watakutukana mpaka shangazi zako. Omba ile siku mapipa yote yamejaa na watu wanaimba wakifua.

Hivyo ndivyo nilikula. Sikununua gari. Nililipa nyumba, nikala, nikatuma kidogo kwa mama. Kama unataka gari, rudi kwa mpira, ungoje.

Sasa ningeweza kuishia hapa nionekane mtu safi. Lakini kuna kijana wiki jana aliniambia, "Mtungi, wewe ulikuwa mkweli sana, ndiyo maana watu walikuamini." Nikakosa usingizi. Wacha niwaambie ile nyingine.

Kulikuwa na Kioko. Kioko alikuwa na mikokoteni sita ya kuuza maji, na vijana wa kuisukuma. Si mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningemjua kutoka mbali. Alinipata kwa kinyozi nikiwa nimetoa sikio kwa bomba.

"Niaje, Mtungi."

"Poa, mkubwa."

"Unaniua, ndugu yangu. Ukiandika tu imekuja, mimi nabaki na mitungi imejaa kama mama mjamzito. Hao vijana wangu wako na watoto."

"Sasa niandike uongo, Kioko?"

"Nani amesema uongo? Mimi ni mtu wa kanisa. Nakwambia ulale. Kwani kulala ni dhambi? Amka saa nne kama watu wakubwa. Andika ukweli yako yote. Saa nne."

Akataja bei ya kulala. Ilikuwa inazidi Wanjiku na fundi wa matangi ukiwaweka pamoja. Nikacheka, nikamwambia nimewahi kufukuzwa kazi kwa kulala, sijawahi kuajiriwa kwa kulala. Akacheka pia. Halafu nikapokea.

Wiki ya kwanza nilijiambia maneno mengi matamu. Kila kitu nilichoandika ni kweli. Sikusema maji imefika mahali haikufika. Ni saa tu nimesogeza. Na unajua kitu cha ajabu? Sikuweza hata kulala. Saa kumi na moja nilikuwa nimeamka, mwili umezoea. Nilikuwa naenda nashika mifereji yote saba, naandika kila kitu vizuri, halafu nakaa kitandani nimeangalia simu mpaka saa nne ifike ndiyo nibonyeze.

Geti ya bluu, ghorofa ya nne, alikuwa anakaa Mama Brayo. Kazi yake ni kufulia watu nguo, anavuka mpaka mtaa wa Umoja, leo ameitwa, kesho hajaitwa. Alikuwa amepata kitu. Shule moja ya watoto wadogo ilikuwa imempa blanketi kumi na nne, zile za watoto za kulalia mchana, za kumjaribu kwanza. Akizirudisha Jumatatu zikiwa safi, kazi ni yake kila wiki, si ya kungoja kuitwa. Ijumaa jioni tulikutana kwa geti yao.

"Mtungi, kesho itakuja kwetu?"

"Ikija utaniona kwa simu, mama. Wewe loweka tu."

Wewe loweka tu. Mimi ndiye nilisema hivyo, na mdomo huu. Akaenda akaloweka blanketi zote kumi na nne na maji yote alikuwa nayo kwa nyumba, na sabuni ya unga.

Jumamosi maji ikakuja geti ya bluu saa kumi na moja na robo. Niliisikia ikikohoa, nikangoja mpaka ikawa safi, nikaishika na mkono. Mfereji wa hiyo ploti, jengo zima la wapangaji, uko chini, karibu na geti, na watu wa chini hawaitagi watu wa juu, kwa sababu wakishuka wote presha inakufa. Kila mtu anajaza yake kimyakimya kama anaiba. Mama Brayo zamani alikuwa analala dirisha wazi akisikiliza. Aliacha kwa sababu yangu. Aliweka simu kando ya mto, akalala.

Saa tatu maji ikaenda. Saa nne nikaandika kwamba imekuja.

Hata sikumkumbuka. Nikitaka kudanganya hapa ningesema moyo uliniuma hiyo asubuhi. Haukuniuma. Nilikula chapati na maharagwe.

Alinunua maji ya mkokoteni, mitungi ile mfuko wake uliweza. Ilitosha kusuuza mara moja. Blanketi ni nzito, inakunywa sabuni, mara moja haitoshi hata kwa shuka. Jumatatu akazipeleka hivyo hivyo. Mwalimu akaweka mkono juu, ikanata. Akamwambia, "Mama, watoto watawashwa," akaziweka kando apewe mtu mwingine.

Hayo yote nilijua baadaye. Mimi niliyajua hivi: Jumatatu jioni mlango ukabishwa, nikafungua, Mama Brayo amesimama na chupa ya uji.

"Nilijua tu wewe ni mgonjwa," akasema. "Jumamosi umeandika saa nne. Na wiki yote umekuwa ukichelewa. Nikawaambia, Mtungi halalagi, huyo ni homa. Kunywa ikiwa moto."

Akakaa kwa kiti, akanieleza habari ya blanketi bila kunilaumu popote, kama mtu anaeleza mvua. "Ni bahati yangu tu," akasema. Mimi nikawa nakunywa. Niliinywa yote mpaka chini. Nikamwambia asante mama. Akaniwekea mkono kwa paji la uso, akasema joto imepungua, akaenda.

Nikashuka kwa Mzee Ouma, nikamwambia. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nataka anitukane. Akaondoa miwani.

"Mimi nikisoma mita," akasema, "kila ploti walikuwa wananikaribisha chai na mayai, ili nisome kidogo. Unajua nilikula mayai mangapi?"

"Mangapi, mzee?"

"Moja. Hata haikuwa na chumvi." Akagusa kifua. "Iko hapa bado. Enda kwa huyo mama kabla uji haijashuka."

Nikapanda geti ya bluu mpaka ghorofa ya nne, na hizo ngazi siku hiyo ziliongezwa na mtu. Alifungua akiwa na furaha, akafikiri nimerudisha chupa. Nikamwambia hapo mlangoni, yote: saa kumi na moja na robo, Kioko, pesa. Nilijaribu kuweka mzaha mahali, ukakauka mdomoni.

Akaangalia mikono yangu, haina chupa.

"Uji ilikuwa na sukari?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo sukari nilikuwa nimemwekea Brayo ya chai ya asubuhi."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Alifunga polepole kabisa, na mimi ningependelea angebamiza.

Pesa ya Kioko ile ilikuwa imebaki nilimrudishia, na ile nilikuwa nimekula nikalipa kidogo kidogo. Hakukasirika. Akasema, "Kwani sasa utaamka?" Nikasema nitaamka. Akasema, "Basi hata mimi itabidi niamke," akaendelea na kazi yake. Halafu nikaandika kwa blogu: "Jumamosi maji ilikuja geti ya bluu saa kumi na moja na robo. Nilijua. Niliandika saa nne, ikiwa imeenda. Nililipwa nichelewe. Sitachelewa tena." Sikumtaja Kioko, kwa sababu hakuna mahali alinishika mkono.

Wasomaji mia mbili wakawa sitini. Mwenye alinitumia ya bando mwezi huo aliandika kwa ujumbe, "Ya kununua saa." Wanjiku akaondoa tangazo. "Mimi nauza gesi, Mtungi," akasema. "Siwezi kukaa karibu na kitu inalipuka." Alikuwa na haki, na alikuwa anachekesha.

Lakini hao walioondoka sio walikuwa wananisumbua, ni zile blanketi. Nilienda kwa ile shule. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mwalimu Nekesa, mwanamke mfupi, watoto wanamning'inia kwa sketi kama funguo. Nikamwambia yule mama anajua kufua, aliyeharibu ni mimi, niliandika maji ikiwa imeshaenda.

"Kwa hivyo wewe ndiye ulilala?"

"Sikulala, mwalimu. Nililipwa tu."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

"Ndiyo."

Akafikiria, akamtoa mtoto mmoja kwa sketi, akamfuta kamasi. "Mwambie aje Ijumaa achukue blanketi. Yeye. Wewe sitaki kukuona hapa." Nikamtuma Mzee Ouma amwambie, kwa sababu mlango wake mimi sikuwa na uso wa kuubisha.

Jumamosi nilitoka mapema kuliko siku zote. Kwa kinyozi hakuna. Nyuma ya kanisa hakuna. Nikaenda geti ya bluu nikingoja kikohozi, niandike haraka, halafu nipande mwenyewe ghorofa ya nne niubishe, anitukane akitaka, mradi ashuke. Nikiwa bado sijafika, nikasikia kelele. Ngoma. Ploti nzima inapiga kama mtu anavunja paa ya mabati.

Mama Brayo alikuwa amechukua karai, lile la mafundi la kuchanganyia simiti, akaliweka kifudifudi chini ya mfereji, na mfereji akauacha wazi usiku wote. Tone la kwanza kuanguka, ploti yote ikaamka. Watu wa chini, wa juu, wote walikuwa kwa geti na ndoo, wanapiga kelele, wanasukumana, keateka, yule msimamizi wa ploti, yuko na pajama anapanga watu laini. Na Mama Brayo yuko mbele ya wote, ameshajaza beseni tatu, blanketi ziko ndani.

Nikasimama hapo na simu mkononi.

"Nilikuwa nimekuja kukuamsha, mama."

"Nimeamka," akasema bila kuinua kichwa. "Nimeweka karai. Karai haihongwi."

Watu wakacheka, wacha mchezo. Mtu kutoka juu akarudia kwa sauti, "Karai haihongwi!" na wa ghorofa ya tatu wakaitikia. Mimi nikainamia simu. Niliandika, nikatuma: "Geti ya bluu, iko, safi." Kila mtu wa geti ya bluu alikuwa hapo amesimama, hakuna aliyetoa simu mfukoni.

Nikageuka niende. Akaniita.

"Wewe. Umesimama hapo kama stima imepotea. Shika huu upande."

Blanketi ikilowa haikamuliwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu gani. Mmoja anazungusha huku, mwingine kule.

"Kushoto! Unakamua ama unasalimia?"

Nikakamua. Zote kumi na nne, mara tatu tatu, mpaka maji ikawa inatoka nyeupe bila povu. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Ya mwisho tulipoianika aliinusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa inanuka jua tu.

Hiyo kazi ya shule alipata, yuko nayo mpaka leo. Blogu niliandika miaka mingine minne, na wasomaji walirudi, si wote, mpaka ploti nyingi zikachimba visima na mimi nikaja kwa haya matangi. Mama Brayo pia alirudi kunisoma, kila asubuhi, nilikuwa naona. Lakini karai hakuitoa.